Mipaka ya Nakiete

Kwa miezi saba nilikuwa mwanamke. Nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye ekari mbili na nusu, mikono ya watu wawili, ng'ombe mmoja na zamu ya maji kila siku ya nane. Nilianza kuwa yeye asubuhi nilipoketi mezani, nikaacha kuwa yeye jioni nilipofunika kidau cha wino. Sikuijua sura yake. Sikujua kama ni mrefu au mfupi, wala kama hucheka. Nilijua tu alichonacho, na kazi yangu ilikuwa kumtafutia, ndani ya hicho alichonacho, maisha bora kuliko yote yanayowezekana.

Ofisi ya Makadirio ilikuwa mlimani, juu ya Bonde, katika nchi ambayo siitaji jina kwa sababu kila nikilitaja hubadilika. Tulikuwa makarani arobaini, na kila karani alikuwa na kaya yake moja ya Bondeni aliyoibeba kwenye karatasi. Madirisha yalikuwa yamepakwa chokaa ili mwanga uwe mmoja mwaka mzima, kwa hiyo humo ndani hapakuwa na masika wala kiangazi. Palikuwa na asubuhi moja ndefu iliyokatwa vipande. Tuliitana kwa namba za kaya zetu. Mimi niliyezaliwa nikaitwa Togolani niliitwa Kumi na Saba, na nilipokwenda nyumbani likizo, mama yangu aliniita mara mbili kabla sijageuka.

Karatasi zetu zilikuwa hivi. Juu kabisa liliandikwa lengo: mavuno mengi kuliko yote, kila zao likigeuzwa kuwa magunia ya mahindi ili yalinganishike. Chini ya lengo ilifuata mipaka. Ardhi isizidi hii. Siku za kazi zisizidi hizi. Maji yasizidi haya. Kisha karani alianza kutembea. Aliongeza zao hili na kupunguza lile, akatoka kona moja ya mipaka akaenda nyingine, na kila kona ilikuwa bora kidogo kuliko aliyotoka, mpaka akafika mahali ambapo hakuna hatua tena ya kumnufaisha. Mahali hapo tulipaita Jibu. Sitasema uongo: palikuwa pazuri. Nimewahi kufika hapo saa nne asubuhi nikaweka kalamu chini na kukaa kimya kama mtu aliyetoka kusali.

Aliyezibuni hesabu hizo alikuwa Mwalimu Namkunda, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndiye aliyetufundisha wote. Alizungumza kwa sauti ya chini sana, hata tukazoea kusimamisha kalamu zetu kila alipofungua mdomo.

Sasa, Jibu la kaya yangu lilikuwa hili: mwanamke yule apande vitunguu tupu, ekari zote mbili na nusu. Nililipata mara ya kwanza, nikalipata mara ya kumi. Lakini wapima mashamba waliporudi kutoka Bondeni walileta habari nyingine. Alikuwa amepanda mahindi na maharage pamoja, viazi vitamu kwenye mteremko, magimbi kando ya mfereji, na vitunguu majaruba sita tu, vile vitalu vidogo vya kumwagilia. Kwa kalamu yangu alikuwa akipoteza magunia kumi na moja kila mwaka. Nilimkasirikia kama mtu anavyomkasirikia ndugu yake wa damu. Nilimpa kila kitu kwenye karatasi, naye huko chini akakikataa.

Kaya zote arobaini zilikuwa hivyo. Mkuu wa Makadirio, Bwana Sempombe, akaona mambo yamekwisha kuwa wazi: watu wa Bonde hawajui kufikiri, na ardhi iliyo mikononi mwa asiyefikiri inapotea. Akaandika amri kwamba kila shamba lililo chini ya Jibu lake litachukuliwa na kupewa mtu wa kulima kama Jibu linavyosema. Ilibaki sahihi moja, ya aliyezitengeneza hesabu. Alimletea Mwalimu Namkunda karatasi ile mbele yetu sote. Mwalimu aliisoma taratibu, akaisoma tena, akamrudishia.

"Kaya arobaini, miaka tisa, na wote wamekosea upande uleule," alisema. "Wasiojua hukosea kila mtu kivyake. Wanaokosea wote kwa namna moja wanajua kitu ambacho mimi sijakiandika."

Bwana Sempombe akamwuliza kitu gani hicho. Mwalimu akasema hajui, na kwamba kutokujua kwake ndiko kunakomzuia kutia sahihi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tarehe. Akampa siku sitini za kukitafuta.

Mwalimu alinichukua mimi kwa sababu pengo la kaya yangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Tuliteremka kwa miguu. Sijui tulitembea siku moja au tatu. Nikikumbuka njia napata moja, nikikumbuka malengelenge napata tatu. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba tulipofika chini nilimwuliza mtu wa kwanza leo ni siku gani, naye akanijibu kuwa ni zamu ya maji ya ukoo wa juu. Nikaelewa kwamba nimeingia mahali ambapo wakati haupiti juu ya watu, unapita miguuni mwao.

Tulimkuta mwanamke wangu akizibua mfereji kwa mguu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyokuwa mimi nilipokuwa yeye, mwenye mikono minene na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mbali. Jina lake Nakiete. Mumewe, Mbazi, alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharage. Alitukaribisha kwa maneno matatu, kisha akakohoa kwa muda mrefu kuliko alivyoongea.

Niliharibu siku ya kwanza. Nilimwuliza mama yule kwa nini anapanda mahindi badala ya vitunguu, akaniambia kwamba mahindi ni chakula cha taifa. Nikamwuliza kwa nini magimbi, akasema ndivyo walivyokuta wazee. Niliandika yote. Jioni Mwalimu alisoma daftari langu, akaniambia kwa upole kwamba nimeandika sauti yangu mwenyewe ikirudi. Mtu akiulizwa kwa nini na mgeni mwenye daftari, hutafuta jibu ambalo mgeni atalipenda. "Mwulize kisichowezekana," alisema. "Hapo hana sababu ya kukupendeza." Kesho yake alivua viatu, akaomba jembe.

Ni vigumu kueleza nilivyomstahi siku zile. Mtu aliyetengeneza hesabu zilizotisha nchi nzima aliinama kwenye palizi, mgongo ukimuuma, akiuliza swali moja baada ya jingine kama mtoto wa darasa la kwanza. Je, unaweza kuahirisha hili kesho? Je, unaweza kumwomba mtu? Je, unaweza kuliacha kabisa? Na kila Nakiete aliposema haiwezekani, Mwalimu alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaandika mstari mmoja. Alikuwa akikusanya kuta. Nilianza kufikiri kwamba huenda mtu hajulikani kwa anayoyataka, kwa maana wote tunataka yaleyale. Hujulikana kwa kuta alizojifunza kuishi katikati yake bila kujigonga.

Ukuta wa kwanza niliuona mwenyewe. Karatasi yangu ilisema mikono ya watu wawili. Mbazi alikwenda shambani alfajiri, akalima vizuri, na saa tatu asubuhi alikuwa amekaa chini akitafuta pumzi. Basi watu wawili walikuwa mmoja na robo.

Wa pili ulichukua wiki. Kila mwaka lango kuu la bwawa hufunguliwa, lakini kabla ya kufunguliwa, kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha mfereji kwa msaragambo, kazi ya pamoja, na nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu ya maji. Siku zilezile magugu ya mahindi na maharage huwa yamefika kifundoni, na yakipita goti hakuna mavuno. Na siku zilezile miche ya vitunguu, iliyosiwa ili ikutane na maji hayo, ni lazima ihamishwe kwenye majaruba, maana haingoji. Kazi tatu, siku tisa, mtu mmoja na robo. Nakiete alizihesabu kwa vidole bila huzuni yoyote, akaonyesha majaruba yake sita, akasema huo ndio mwisho wa mikono yake. Alijaribu saba, mwaka aliomzaa binti yake wa mwisho, na mahindi yakamezwa na magugu. Magimbi ya kando ya mfereji hayakuwa ya kuliwa sana. Mizizi yake ilishika ukingo usibomoke, na ukingo ukibomoka zamu yake ingekwenda kwa jirani.

Lakini ukuta mkubwa ulikuwa mwingine. Adhuhuri moja tulikuwa tumekaa kivulini nyuma ya nyumba tukila viazi, na Mwalimu akamwonyesha hesabu ya miaka tisa: ukichukua mavuno ya vitunguu ya miaka yote tisa ukayasawazisha, kwa wastani vinashinda mahindi mara tatu. Alimwuliza kama hesabu hiyo ni ya kweli. Nakiete akasema ni ya kweli kabisa. Akamega kiazi chake, akampa mumewe nusu.

"Lakini mimi sili wastani, Mwalimu," alisema. "Mimi nakula mwaka. Mwaka wa vumbi, ule mvua ilipokataa, vitunguu vilioza sokoni na hakuna aliyevitaka. Huo ndio mwaka ninaoupandia. Hiyo miaka mingine hujipanda yenyewe."

Mwalimu Namkunda alivua miwani. Aliifuta kwa kanga. Kisha akasema, akimwambia yeye wala si mimi, kwamba kwa miaka thelathini alikuwa akitafuta njia ya kuandika jambo hilo, na hakudhani lingetosha kwenye sentensi fupi hivyo.

Mimi nilikuwa na aibu. Nikaona siwezi kuendelea kula chakula chake bila kumwambia. Nikamweleza kwamba kwa miezi saba, kule mlimani, nimekuwa yeye. Kwamba kila siku nimelima shamba lake kwenye karatasi, nikang'oa mahindi yake, nikapanda vitunguu mpaka mlangoni, na kwamba huko kwenye karatasi alikuwa tajiri. Nilidhani atacheka au atakasirika. Aliniangalia kwa makini, kama anayejaribu kuona ni wapi tunafanana.

"Huko kwenye karatasi," aliuliza, "mume wangu anakohoa?"

"Hapana, mama."

"Basi nipeleke huko, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Mbazi alirudi kumenya maharage yake. Tangu siku hiyo nimesoma vitabu vingi juu ya maana ya kuwapo, na kila nikifika kwenye ukurasa unaoahidi ulimwengu bora namwona mwanamke yule akiuliza swali lake, bila kejeli, kama mtu anayeulizia nauli.

Tukaanza hesabu upya, hapohapo uani, kwenye mkeka wa kuanikia mahindi. Lengo tuliliacha lilivyokuwa. Tulibadilisha mipaka. Tukaandika mtu mmoja na robo. Tukaandika siku tisa. Tukaandika ukingo na magimbi. Na juu ya yote tukaandika kwamba katika mwaka mbaya kuliko yote ambayo nyumba inaikumbuka, nyumba ipate kula. Nilitembea kona kwa kona siku mbili nzima, mkono ukafa ganzi. Siku ya tatu kabla ya adhuhuri nikafika mahali ambapo hakuna hatua tena. Mahindi na maharage ekari moja na nusu. Viazi mteremkoni. Magimbi kando ya maji. Vitunguu, majaruba sita.

Niliinua macho kutoka kwenye karatasi, nikaliona shamba mbele yangu. Lilikuwa lilelile. Mstari kwa mstari, lilikuwa lilelile. Alichokifanya Nakiete kwa miaka ishirini bila kalamu, huku akipika, akinyonyesha na kuuguza, kilinichukua mimi siku mbili na mistari mia mbili. Nilisikia machozi yakinilenga, na sikujua kama nilikuwa nikimlilia yeye au nikizishangaa namba zilizokubali hatimaye kumwona.

Hesabu zile zina kipawa kingine ambacho wengi hawakijui. Zikifika mwisho huonyesha kila ukuta una uzito gani: ukipewa ekari moja zaidi utapata nini, ukipewa siku moja zaidi utapata nini. Thamani hiyo haionekani sokoni, huanguka nyuma ya kitu kama kivuli, nasi tuliiita bei kivuli. Bei kivuli ya ardhi ya Nakiete ilikuwa karibu na sifuri. Bei kivuli ya maji ilikuwa ndogo. Lakini siku moja ya kazi, katika zile siku tisa, ilikuwa nzito kuliko ekari nzima. Mwalimu akamwuliza ni nani anayepanga siku ya kufungua lango la bwawa. Nakiete akashangaa kwamba hatujui.

"Si ninyi?" alisema.

Tulizunguka kaya zote thelathini na tisa zilizobaki. Mwalimu aliingia kila shamba pekupeku, akauliza kisichowezekana, akaandika. Tulirudi mlimani siku ya hamsini na nane, na Nakiete akaja pamoja nasi, kwa sababu Mwalimu alisema hatamzungumzia mtu anayeweza kusema mwenyewe.

Bwana Sempombe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo, kwa haki, lilikuwa zuri. Alisema kwamba ukimwongezea mtu mipaka ya kutosha, kila upuuzi wake utaonekana ni hekima. Kwamba Mwalimu hakuwaelewa wakulima, amewavika tu nguo inayowatosha.

Mwalimu alikubali kwamba hatari hiyo ipo. Akaweka mezani bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Alieleza kwamba ndani yake mna karatasi arobaini, kila moja ikisema kaya fulani ilipanda nini katika mwaka wa vumbi. Tulizikokotoa kwa mipaka mipya na kwa mvua ya mwaka ule. Rejesta ya mwaka wenyewe, wa kabla ya ile tisa, ilikuwa ghalani, imefungwa kwa ufunguo wa Mkuu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuisoma. Akamwomba ailete.

Aliileta mwenyewe, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati lake. Tulisoma kaya kwa kaya, yeye rejesta, mimi bahasha. Makarani waliacha meza zao wakatuzunguka, kila mmoja akingoja namba yake. Zilipofika kumi, Mkuu aliomba kiti. Thelathini na sita zilifanana, zikipishana hapa na pale kwa jaruba moja au mashina machache. Nne hazikufanana hata kidogo.

"Na hao wanne?" Mkuu aliuliza. "Hao sasa ndio waliokosea?"

"Hapana," Mwalimu alisema. "Hao bado sijawaelewa."

Nimeishi chini ya wakuu wengi, na wote walijua kusema mtu amekosea. Sijapata kusikia mwingine akisema neno lile, na kwangu mimi ndilo lililotenganisha mamlaka na maarifa mchana ule, mbele ya macho ya watu arobaini. Maana ni nani mwenye haki ya kusema mwenzake ameyakosea maisha yake mwenyewe? Huenda ni yule tu aliyekwisha kuzigusa kuta zake zote, na huyo, akishazigusa, hasemi.

Kisha Mwalimu akafika kwenye lango. Akauliza kwa nini hufunguliwa siku ile na si nyingine, ilhali bwawa hujaa majuma mawili kabla. Hakuna aliyejua. Karani mzee wa masijala alikwenda kutafuta, akarudi na karatasi ya manjano: lango hufunguliwa siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa Ofisi ya Makadirio, ili maji na hotuba viende pamoja. Likifunguliwa siku kumi na mbili mapema, mfereji ungesafishwa na miche ingehamishwa kabla magugu hayajainuka. Zile kazi tatu zingepeana nafasi.

Hapo Nakiete aliomba kusema. Alimwambia Mkuu kwamba wao Bondeni waliamini siku ile inatoka kwa Mungu, ndiyo maana hawakuwahi kulalamika.

Bwana Sempombe aliikunja amri yake mara nne, akaiweka mfukoni. Hakuomba radhi. Mwezi uliofuata alimwondoa Mwalimu Namkunda katika Ofisi, kwa barua yenye heshima iliyotaja umri wake. Mwaka uliofuata alifungua lango siku kumi na mbili kabla, bila hotuba. Watu wote wawili, aliyemfukuza Mwalimu na aliyefungua lango, walikuwa ndani ya shati moja, na sijui ni yupi kati yao nimshukuru.

Mwalimu alihamia Bondeni. Alipanga chumba karibu na kaya ya kwanza kati ya zile nne, ya mzee mmoja anayeacha nusu ekari ya udongo bora bila kuilima, na mara ya mwisho nilipopata habari zake alikuwa bado akimsaidia kupalilia na kuuliza.

Mimi niliomba ruhusa niteremke kuona maji yamefanya nini. Nilikuwa nimekwisha kukokotoa. Kwa siku tisa zilizofunguka, Nakiete angeongeza majaruba matatu ya vitunguu. Hesabu ilisema hivyo bila wasiwasi wowote, na nilitamani kuyaona kwa macho. Nilifika siku ya kwanza ya zile tisa, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mfereji ulikuwa safi na maji yalikwisha kupita. Miche ilikuwa imesimama kwenye majaruba sita. La saba halikuwapo. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, na mpini wake ulikuwa mkavu.

Nakiete alikuwa amelala mkekani mbele ya nyumba, mchana kweupe, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umetupwa pembeni kama wa mtu aliyedondoka kutoka mbali. Mumewe alikuwa ameketi kando yake akimfukuzia nzi kwa jani la mgomba. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Nilitoa daftari, nikaandika saa, nikaandika: amelala. Nikatazama mahali ambapo pangekuwa na jaruba la saba, na sikuandika kwamba limepungua. Nikavua viatu nisimwamshe, nikaketi chini upande wa pili wa mkeka, na Mbazi akanipa jani la pili.